Meno ya Mama na Nyama ya Bull Ring

Mama alipokuja kunitembelea Birmingham mwaka jana, mahali pa kwanza nilipompeleka ni sokoni. Ukishuka mteremko wa Bull Ring na kulipita kanisa la Mtakatifu Martin, unafika kwenye soko la ndani, ambako wachinjaji na wauza samaki wanaita wateja kwa sauti. Mama alisimama akasikiliza, akacheka. "Kumbe na Wazungu wana Kariakoo yao!"

Soko hili lina umri mkubwa. Mwaka 1166 Mfalme Henry wa Pili alimpa Peter de Birmingham kibali cha kuendesha soko hapa. Jina Bull Ring linatokana na pete ya chuma aliyofungwa fahali, kisha mbwa wakaachiwa wamshambulie kabla hajachinjwa. Ilikuwa burudani, lakini watu waliamini pia kwamba fahali akisumbuliwa hivyo nyama yake hulainika. Mchezo huo ulipigwa marufuku Uingereza mwaka 1835. Siku hizi amebaki fahali wa shaba, kazi ya mchongaji Laurence Broderick ya mwaka 2003, na watu hupiga naye picha.

Nilipomsimulia mama, alitikisa kichwa. "Ng'ombe aliyeteswa hana nyama nzuri, mwanangu." Hakukosea. Mnyama akichoka na kuogopa kabla ya kuchinjwa, humaliza sukari iliyo kwenye misuli, na nyama yake huwa nyeusi, kavu na huharibika upesi.

Jioni ile nilipika rosti. Wakati wa kuondoa vyombo nikaona vipande vyote vya nyama vimesukumwa pembeni mwa sahani ya mama. Mchuzi umeisha, nyama ipo. Nilipombana akakiri: magego yamebaki machache, na huko nyumbani ana miaka anakunywa mchuzi na kuwaachia wajukuu minofu. Mimi ni muuguzi. Kila zamu naandika kwenye faili mzee gani amekula na nani amebakiza. Mama yangu nazungumza naye kila Jumapili, na sikujua. Kwenye simu mtu hakuoneshi sahani yake.

Kesho yake nikarudi sokoni nikanunua fileti, ile tunayoiita sarara, nyama ya bei ya juu kuliko zote. Mama aliila yote, akanishukuru, kisha akasema kwa upole: "Laini kweli. Lakini mbona haina ladha ya ng'ombe?"

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Kwetu Dar ukisema steki unapewa nyama isiyo na mfupa, basi. Hapa kila sehemu ina jina na bei yake, na bei hufuata zaidi ulaini kuliko ladha. Fileti ni msuli wa ndani ya kiuno ambao haufanyi kazi nyingi, kwa hiyo ni laini, lakini hauna mafuta mengi, na mafuta ndiyo yanayobeba ladha. Ribai, ya mbavuni, ina mafuta yaliyotawanyika ndani ya nyama. Ni laini na tamu pia. Sirloini, ya mgongoni, iko katikati. Rampu, ya nyongani, ina ladha kali kuliko fileti lakini inataka meno. Mlioko Marekani angalieni: sirloini ya Uingereza huko kwenu huitwa strip, na rampu ya hapa ndiyo mnayoiita sirloin.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza muuzaji shida yangu. Akanipa kipande cha begani kiitwacho "flat iron", kwa sababu umbo lake linafanana na pasi ya zamani. Ni msuli laini sana, unaokaribia fileti, na ladha yake ni ya nyama hasa. Una ukano mgumu katikati, na mchinjaji akiutoa vizuri umepata steki nzuri kwa bei nafuu. Nikaikaanga, nikaiacha ipumzike dakika tano, nikaikata vipande vyembamba kukatiza nyuzi zake. Hiyo ndiyo siri kubwa: nyuzi zikiwa fupi, meno hayana kazi nyingi.

Mama alikataa katakata nyama yenye wekundu. Nilimweleza kwamba maji yale si damu, ni protini ya misuli, na kwamba kipande kizima kikibabuliwa vizuri nje huliwa salama hapa, tofauti na nyama ya kusaga, ambayo lazima iive hadi katikati. Akanikumbusha tegu tuliokuwa tukiwaogopa utotoni. Nikairudisha jikoni bila ubishi.

Aliniuliza pia kwa nini nyama ya nyumbani ni ngumu. Ng'ombe wetu wengi ni zebu, ambao kwa asili nyama yao hailainiki haraka baada ya kuchinjwa. Wengi huchinjwa wakiwa wazee waliotembea sana, na nyama huliwa siku ile ile. Hapa nyingi huachwa kwenye baridi wiki tatu au nne, vimeng'enya vyake vikiilainisha. Ndiyo maana mishkaki yetu hupakwa papai bichi: kimeng'enya chake hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi.

Lakini kilichomshinda mama kuficha furaha ni nyama ya muundi, ya bei ya chini kabisa, iliyochemka polepole saa tatu na tangawizi hadi kano zikayeyuka na mchuzi ukawa mzito. Wanafunzi, hiyo ndiyo nyama yenu. Mama alikula minofu, akaongeza, na safari hii hakuna aliyeachiwa kitu.

Kabla hajaondoka tulikubaliana kuhusu meno ya bandia, na nimeshatuma fedha. Siku hizi nikipiga simu Jumapili simwulizi tu kama amekula. Namwambia, "Mama, hebu nioneshe sahani."