Fundi wa Video na Diski Zake

Diski ya DVD ya safu moja huuzwa ikiwa imeandikwa GB 4.7, lakini kompyuta huonyesha GB 4.37 tu. Kiwandani gigabaiti moja huhesabiwa kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024. Tofauti hiyo ilikwamisha kazi nyingi katika duka la Kariakoo, Dar es Salaam, ambako mwandishi wa tawasifu hii alihariri video za harusi tangu enzi za kanda za MiniDV. Video ilitayarishwa ifike GB 4.5, programu ya kuchomea ikaikataa, na mteja alikwisha kufika kuchukua mzigo wake.

Kanda ya saa moja, ikihamishiwa kwenye kompyuta bila kubanwa zaidi, huchukua takriban GB 13. Hapo hujitokeza kikwazo kingine. Diski ya nje iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, hata kama ina nafasi tele, na programu nyingi za zamani zilizochoma kwa mfumo wa ISO 9660 zilikomea hapo hapo. Windows XP ilidai kwamba nafasi haitoshi, na mafundi wakaanza kufuta faili ambazo hazikuwa na kosa. Dawa ni kufomati diski ya nje kwa NTFS, kuchagua UDF wakati wa kuchoma, au kukata video vipande vya dakika 18 hivi, kila kimoja kikae kwenye DVD yake.

Jambo lililomsumbua mwandishi kuliko yote ni watu kudhani kwamba DVD ya kutazama ndiyo nakala ya akiba. DVD inayochezwa kwenye deki hubeba video iliyobanwa kwa MPEG-2, ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS. Ili saa mbili zienee, kasi ya data hushushwa hadi megabiti 5 hivi kwa sekunde, wakati kanda ya DV ina 25 kwa picha peke yake. Kilichopotea hapo hakirudi. Bibi harusi akitaka baadaye picha ya marehemu babu yake ikuzwe, au sherehe ihaririwe upya, DVD hiyo haitasaidia sana. Nakala ya akiba ni faili za asili zilizochomwa kama data, na kwa kawaida deki haizichezi. Wateja waliorudi wakilalamika kwamba diski ni mbovu mara nyingi walikuwa wameshika diski nzima ya data, na ilibidi waeleweshwe kwa upole.

Wakati wa kuchoma, adui mkubwa alikuwa umeme. Mwaka 2006, mgawo ulipokuwa mkali, diski ya DVD-R iliyokatikiwa umeme katikati ilikuwa ya kutupa, kwa kuwa huandikwa mara moja tu. UPS ilikuwa ya lazima. Kasi ya 4x, inayomaliza diski kwa takriban robo saa, ilitoa matokeo mazuri kuliko 16x kwa diski za bei nafuu. Diski isiyofungwa mwishoni huweza kusomeka kwenye kompyuta iliyoichoma na kukataliwa kwingine.

Kwa sababu hiyo, uhakiki wa programu peke yake hautoshi. Mwandishi alishikilia kwamba kila diski ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine, na faili ya mwisho ichezwe hadi tamati, kwani makosa hupenda kukaa ukingoni mwa nje, sehemu inayoandikwa mwishoni.

Rangi inayobeba data huharibiwa na jua na joto, na lebo ya kubandika huweza kuipotosha diski inapozunguka. Diski inayoanza kukwama ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kisha ijaribiwe kwenye kisomaji kingine, maana visomaji havilingani nguvu. Ikiendelea kugoma, hutumika programu inayoruka sehemu mbovu na kuokoa zilizobaki, na faili zilizopatikana huhamishiwa mara moja kwenye diski ngumu mbili zinazotunzwa katika majengo tofauti.