Mpunga unaovumilia ukame: nguvu ya mbegu haionekani kwa macho

Katika tambarare ya Ruzizi, kati ya Kamanyola na Uvira, kila mkulima wa mpunga anazijua siku zinazomnyima usingizi: siku mpunga unapotoa maua. Mvua ikikatika wakati huo, au maji ya mfereji yakipungua, masuke yanabaki wima, meupe, bila punje ndani. Kwa familia iliyokimbia vita, ikarudi na kilo chache za mbegu ya kuombaomba, siku hizo ndizo zinaamua kama watoto watakula cha nyumbani ao watangojea msaada.

Mpunga ni mmea wa maji, na aina nyingi mizizi yake haiendi chini sana. Lakini haziko sawa zote. Ziko aina zinazovumilia jua kuliko zingine, na wakulima wa zamani walilijua hilo. Shida ni kuitambua nguvu hiyo ndani ya mche ungali mdogo. Zamani mtafiti alipaswa kupanda, kungojea kiangazi, halafu kuangalia upi umekufa na upi umepona. Mvua ikinyesha ghafla katikati ya jaribio, mwaka mzima unapotea.

Leo wanaweza kukata kipande kidogo cha jani na kupima ADN yake. Ndani ya ADN wanatafuta alama. Mwenye ng'ombe huweka alama ili amtambue ng'ombe wake katikati ya kundi. Alama ya mpunga nayo inafanya kazi ya namna hiyo, ila mmea umezaliwa nayo. Alama yenyewe haileti nguvu. Inakaa karibu na sehemu yenye nguvu, na mara nyingi zinarithiwa pamoja. Mche wenye alama unaendelezwa, usio nayo unaachwa, hata kabla jua halijawaka.

Mfano mmoja unatoka India. Wakulima wa huko walipenda mpunga uitwao Kalinga III kwa sababu unaiva mapema, lakini mizizi yake ni mifupi. Watafiti waliuchanganya na Azucena, mpunga wa milimani wa Ufilipino wenye mizizi mirefu. Watoto wa mchanganyiko huo walirudishwa tena na tena kwa Kalinga III, na kila kizazi alama zilikaguliwa ili mizizi ya Azucena isipotee njiani. Mwaka 2009, katika jimbo la Jharkhand, mbegu hiyo ilikubaliwa kupewa wakulima kwa jina la Birsa Vikas Dhan 111. Ilichukua zaidi ya miaka 10.

Mfano wa pili unashangaza zaidi. Watafiti wa IRRI, taasisi ya kimataifa ya mpunga iliyoko Ufilipino, walichanganya Vandana, mpunga wa India unaovumilia ukame, na Way Rarem wa Indonesia, ambao ukame unaumaliza. Mwaka 2007 walitangaza sehemu ya ADN inayosaidia sana mazao wakati wa ukame. Ilitoka wapi? Kwa Way Rarem, ule dhaifu. Kwa macho, nani angeuhesabu?

Hapo ndipo habari hii inawagusa waliohama makwao. Familia inapokimbia usiku, mbegu inabaki nyumbani. Ikiwahi kubebwa, njaa ya kambini inailazimisha kwenye sufuria, na hakuna wa kumlaumu mama anayepikia watoto wake. Lakini kila mbegu ya zamani ikiisha, huenda imeondoka na nguvu ambayo hakuna aliyewahi kuipima. Alama inaonyesha kilichomo ndani ya mbegu. Mbegu iliyokwisha haiwezi kuirudisha. Ndiyo maana IRRI inatunza sampuli zaidi ya 130,000 za mpunga katika baridi.

Wengine wanaogopa wakisikia neno ADN. Katika kazi hii, mpunga unachanganywa na mpunga, ua kwa ua. Na kwa kuwa ua la mpunga kwa kawaida hujizalisha lenyewe, mkulima anaweza kuchagua masuke mazuri, kuyakausha vizuri na kupanda tena msimu unaofuata bila kununua.

Hata hivyo, hakuna mpunga unaoishi bila maji kabisa. Mbegu inayovumilia ukame inapunguza hasara tu. Na mbegu ya Jharkhand haiwezi kuletwa Ruzizi hivihivi: udongo, magonjwa na ladha ya wali ni tofauti. Lazima ijaribiwe hapa, na wakulima wenyewe waseme wanachotaka. IRRI imefanya kazi Burundi, ng'ambo tu ya mto. Ujuzi hauko mbali.

Kwa sasa, familia yenye aina ya zamani inaweza kuweka kando hata kikombe kimoja, kilichokauka, ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, na kumwachia jirani au ndugu wa mji mwingine kikombe cha pili. Mmoja akikimbia, mbegu inabaki kwa mwingine.