Milele ni Miaka Mingapi?

Neno "milele" twalitamka kila siku katika sala na nyimbo, lakini ni wachache wetu wanaojiuliza maana yake.

Wengine husema milele ni miaka mingi mno. Lakini wingi ni jambo moja, na kukosa mwisho ni jambo jingine. Pamba ya Bariadi ni nyingi, wala hapana mtu awezaye kuzihesabu mbegu zake. Hata hivyo mbegu ya mwisho ipo. Namba sivyo zilivyo. Taja yo yote upendayo, nami nitaongeza moja.

Wanafalsafa wa Ulaya walishindana sana juu ya jambo hili. Giordano Bruno wa Italia aliandika mwaka 1584 kwamba ulimwengu hauna mwisho, na kwamba zipo dunia zisizo na idadi. Mafundisho hayo yalikuwa miongoni mwa mashtaka yake, naye akachomwa moto Roma mwaka 1600. Descartes, Mfaransa, alikuwa mwangalifu zaidi. Mwaka 1644 aliandika kwamba idadi ya nyota ni kitu ambacho sisi hatuoni mpaka wake tu. Asiye na mpaka kwa kweli ni Mungu peke yake. Locke, Mwingereza, aliona mwaka 1690 kwamba wazo hilo twalipata kwa kuongeza na kuongeza pasipo kukoma.

Wazee wetu Wasukuma nao walikuwa na neno lao. Mungu humwita Liwelelo, na welelo ni ulimwengu. Naona swali la Bruno limo humo: asiye na mwisho ni ulimwengu, au ni Mwenyewe aliyeufanya?

Swali hili si la vitabuni tu. Mwaka jana tulimzika babu kwetu Lingeka, na mhubiri akasema mzee amekwenda kuishi milele. Mdogo wangu akaninong'oneza, "Kaka, ni miaka mingapi hiyo?" Nikamjibu kwamba huko hawahesabu miaka.

Hata leo sioni jibu jingine. Kama milele ni kuongeza miaka tu, kama Locke aongezavyo namba, basi marehemu wetu wangali njiani, wala hawatafika. Mimi namfuata Descartes. Nanyi wenzangu, mtakapoliimba tena neno hilo, liimbeni polepole, mkilifikiri.