Meza ya Nne

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Sumbawanga ulikuwa mji wa makoti. Kule juu ya uwanda wa Ufipa, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, upepo wa Juni na Julai haumchekei mtu, na waliokuwa wakisubiri mabasi ya Mpanda na Tunduma walijikunyata kwenye vijiwe vya drafti mpaka jua lipate nguvu. Ubao ulikuwa kipande cha silingibodi kilichochorwa kwa kalamu ya wino mzito. Kete zilikuwa vifuniko vya soda: vya huyu vimelala chali, vya yule kifudifudi. Kete ikifika mwisho inabebeshwa kifuniko cha pili mgongoni, inakuwa kingi.

Mchezo ule ulikuwa wa watu wote. Wawili wamekaa, kumi wamesimama, na wale kumi ndio wenye kelele.

"Mzee, angalia, unategewa hapo!"

"We kijana, umeulizwa?"

Kwenye drafti kula ni lazima, kwa hiyo fundi hakukuibia. Alikuachia kete moja mbele ya macho yako, ukaila kwa kuwa huna budi, kisha yeye akazoa tatu. Aliyefungwa alisimama, mshindi akabaki. Wazazi wetu hawakuupenda kabisa. Mtoto akionekana kijiweni, jioni nyumbani alikuwa na kesi ya uzururaji.

Sataranji niliikuta chuoni, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kufika huko kwenyewe kulikuwa kazi: barabara ya Sumbawanga hadi Tunduma ilikuwa bado vumbi, na tulishuka kwenye basi nywele na kope zikiwa na rangi moja. Kwenye kona ya kantini kulikuwa na wanafunzi wachache waliokuwa na seti moja tu, tena pungufu. Farasi mmoja alikuwa kifuniko cha soda kilichoandikwa herufi F. Nilikiona kifuniko kile nikajua nimefika kwa ndugu zangu.

Wakati huo timu za vyuo zilianza kualikana mwishoni mwa wiki, bila ufadhili wowote wa maana. Mpangilio ulikuwa uleule unaotumika duniani kote: wachezaji wanne, meza nne, mwenye nguvu zaidi meza ya kwanza, na kadhalika hadi ya nne. Kila meza ina pointi moja, sare ni nusu, na timu yenye mbili na nusu imeshinda. Meza ya nne alipewa mgeni, yaani mimi. Watu hudhani ni meza ya kujazia nafasi. Hesabu haisemi hivyo: pointi ya meza ya nne ina uzito sawasawa na ya kwanza.

Sikusumbuliwa na sheria za mchezo. Kilichonisumbua ni ukimya. Ukigusa kete umecheza, hakuna "ngoja kwanza". Kila hatua unaiandika kwenye karatasi. Pembeni kuna saa yenye vitufe viwili, ukishacheza unabonyeza chako na muda wa mwenzako unaanza kukatika. Na marufuku mtu kusema lolote. Kwa mtu aliyekulia kijiweni ilikuwa sawa na kuambiwa ule ugali bila mboga.

Kuna mechi moja naikumbuka vizuri. Meza tatu zilikuwa zimeisha, tuko moja na nusu kwa moja na nusu. Wenzangu watatu wamekuja kusimama nyuma yangu, midomo imebanwa, nami najua fika kwamba wameona jambo. Ubaoni nina mfalme na kitunda kimoja, mpinzani ana mfalme peke yake. Wafalme wetu wanatazamana, nyumba moja tu katikati yao. Ukiwa hapo, mwenye zamu ndiye anayeumia, maana lazima ampishe mwenzake njia. Zamu ilikuwa yangu. Lakini kitunda changu kilikuwa nyuma ya mfalme kwa nyumba mbili, kwa hiyo kulikuwa na nafasi moja tupu ya kukisogeza. Nikakisogeza, nikabonyeza saa. Zamu ikawa yake. Akakaa muda mrefu akiutazama ubao, kisha akanyoosha mkono. Baadaye aliniuliza nimesoma kitabu gani. Sikuwa nimesoma chochote. Wazee wa drafti humaliza michezo yao kwa hila hiyohiyo kila siku: wanatunza hatua moja ya bure mpaka mwenzao aishiwe.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia wenzetu wa mbali. Oxford na Cambridge wamekuwa wakipambana kwa sataranji tangu 1873. Marekani wana mashindano ya vyuo ya bara zima la Amerika, yaliyoanza 1946, nayo ni ya timu za watu wanne. Ila habari iliyonigusa hasa ilitoka jirani. Amon Simutowe, kijana wa Zambia, alisoma Chuo Kikuu cha Texas kule Dallas, chuo kinachotoa ufadhili wa masomo kwa wacheza sataranji. Mwaka 2009 akatunukiwa hadhi ya gwiji, wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara. Sisi wa Sumbawanga umeme wetu kwa miaka mingi umetoka Zambia, kwa hiyo utani ulikuwa tayari: na huyu naye watuletee kwa waya.

Kisha ikaja zamu ya Uganda. Phiona Mutesi na Benjamin Mukumbya, watoto wa mitaa ya Katwe waliofundishwa na Robert Katende, walijiunga mwaka 2017 na Chuo Kikuu cha Northwest, jimbo la Washington, wakaichezea timu ya chuo. Filamu kuhusu maisha ya Phiona ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla. Baada ya hapo niliona wazazi wakibadilika. Mtoto wa sataranji sasa ni mwerevu, ana njia ya ufadhili. Mtoto wa drafti bado mzururaji. Hilo mimi sijakubaliana nalo, na nimewahi kubishana na shemeji yangu mpaka chai ikapoa.

Ufipa yenyewe imebadilika. Lami imefika, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kimefungua kampasi Rukwa, na kijana wa bodaboda akingoja abiria anacheza kwenye simu na mtu aliye India. Programu kama Lichess ni ya bure, na mchezo ukiisha inakuonyesha palepale ulipoharibu. Jambo linalonifurahisha ni kwamba simu moja inazungukwa na vichwa vitano, na kila kichwa kina ushauri. Kwenye mashindano simu hizohizo hukusanywa mlangoni, kwa kuwa simu ya kawaida siku hizi inamshinda bingwa wa dunia.

Nauli ndiyo haijapata programu. Kutoka huku hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na chuo kikishalipia timu ya mpira, ya sataranji husubiri kitakachobaki. Mpwa wangu anasoma nyanda za juu, alinipigia simu timu yao ikiwa njiani kurudi kutoka mashindanoni.

"Shikamoo mjomba. Tulipata nauli ya watu watatu."

"Marahaba. Sasa nani alikaa meza ya nne?"

"Hakuna. Kila raundi tunaanza tumeshafungwa moja."

Maana yake, ili washinde walihitaji mbili na nusu kwenye meza tatu, yaani ruhusa ya sare moja tu na hakuna kufungwa. Nikamuuliza kama waliweza hata mara moja.

"Raundi ya mwisho," akasema. "Na tuliowafunga walikuwa wanne, mjomba, na wa akiba."