Mchumba Wangu, Basi la Sumbawanga na Maswali ya Baba

Haya msomaji wangu, kabla hujageuza ukurasa, hebu fanya jambo moja. Bila kushika simu na bila kumgusa aliye jirani, taja nchi zote zinazopakana na Tanzania. Ziko nane. Swali hili nimelijaribu saluni, kwenye vikao vya harusi na mara moja hata msibani, na nakuambia wengi huanza kwa mbwembwe wakaishia sita. Shika idadi yako, tutakutana mbele ya safari.

Mimi ni mtoto wa Sumbawanga. Nimeishi Dar miaka mingi, lakini kila nikisema kwetu ni wapi, mtu haulizi hali ya hewa wala chakula. Anarudi nyuma hatua moja, anacheka, halafu inakuja radi. Eti huyu usigombane naye, utapigwa radi mchana kweupe! Nimeshazoea. Jina lenyewe, kwa Kifipa, wenyewe hulieleza kuwa ni "tupa uchawi", yaani ukifika hapa mambo hayo yaache. Sasa wenzetu wamelisikia neno uchawi, hilo la kutupa hawakulisikia kabisa.

Kwa hiyo mchumba wangu alipomwambia mama yake kwamba mwezi wa sita tunakwenda kwetu kujitambulisha, bi mkubwa alinyamaza kwanza. Kisha akauliza kama huko ni karibu na Bukoba. Jamani! Bukoba iko kwenye Ziwa Victoria, kaskazini magharibi, unaiona Uganda pale. Sumbawanga iko kusini magharibi, jirani na Zambia. Lakini kwa bi mkubwa kote huko ni "bara", na bara ni pa kuogopa.

Upande wa pili kulikuwa na baba yangu. Mzee amefundisha jiografia sekondari hadi anastaafu. Nilipompigia kumpa habari alisema maneno mawili tu: aje, na aje kwa barabara, asipande ndege. Nilijua mara moja kuna mtihani.

Tuliondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri. Ni zaidi ya kilomita 1,100 mpaka kwetu, tukapanga kulala Mbeya. Tulipofika Chalinze nikaanzisha mchezo: tunaulizana maswali ya jiografia, atakayekosa ananunua chakula njiani.

Huyu bwana wangu si mbumbumbu, nisieleweke vibaya. Muulize uwanja wa Emirates uko London ya upande gani, atakuambia kaskazini, na Stamford Bridge magharibi, utadhani anapanda daladala za huko kila asubuhi. Basi nikamuuliza mji mkuu wa Burundi. "Bujumbura." Ni Gitega, tangu 2019, Bujumbura imebaki mji wa biashara, kama Dar ilivyobaki kwetu baada ya serikali kuhamia Dodoma. Australia? "Sydney." Canberra. Nchi kubwa kuliko zote Afrika? Hapo alijibu kwa sauti kubwa, "Sudan!" Ilikuwa hivyo, mpaka Julai 2011 Sudan Kusini ilipojitenga. Sasa ni Algeria, ikifuatiwa na Kongo ya Kinshasa. Unaona? Alikuwa anajibu kutoka kwenye daftari la darasa la sita. Daftari alilifunga, ila ramani haikufungwa.

Kufika Morogoro alikuwa na deni la kuku wawili.

Baada ya hapo barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na mchezo ulisimama wenyewe maana twiga walikuwa pale pale kando ya lami. Abiria wote wakahamia dirisha moja. Bwana wangu, mtoto wa Kinondoni, alipiga picha mpaka chaji ikaanza kulia.

Aliyenifungua macho safari ile ni mama mmoja wa makamo aliyekaa kiti cha ng'ambo, kitenge kiunoni na mfuko wa daftari la mahesabu mapajani. Alikuwa anatusikiliza tangu Morogoro. Nikamuuliza bwana wangu swali la nchi nane, akahesabu kwa vidole: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi, Msumbiji. Saba. Akarudia. Saba. Mama akashindwa kuvumilia.

"Na Kongo je, mwanangu?"

"Kongo tunapakana nayo wapi, mama?"

"Ziwani. Ziwa Tanganyika lote lile, ng'ambo ni Kongo. Mpaka uko majini, hakuna pa kuuvuka kwa miguu."

Ndiyo hiyo ya nane, msomaji, kama ulikuwa umekwama hapo. Mama akatueleza kwamba yeye hupeleka mchele Lubumbashi. Haendi kwa ziwa. Anatoka Tunduma, anaikata Zambia yote mpaka Kapiri Mposhi, anapanda hadi Kasumbalesa, ndipo anaingia Kongo kwa barabara. Alisema ameishia darasa la saba. Lakini ramani yote alikuwa nayo kichwani, na aliipanga kwa bidhaa na bei: vitunguu Ruaha Mbuyuni, nyanya Ilula, mbao Mafinga, viazi Njombe, mchele Mbarali. Kila sehemu aliyoitaja ilifika kweli, kwa mpangilio ule ule. Pale Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu mikubwa na joto la kukausha ngozi, wachuuzi walikuwa wamepanga vitunguu kwenye nyavu nyekundu, na yeye ndiye aliyetuambia tusinunue, tungoje tukirudi.

Halafu Kitonga. Kama hujapanda Kitonga kwa basi, sijui nikueleze vipi. Ukuta upande mmoja, korongo upande mwingine, na malori ya Zambia yanapanda kwa mwendo wa kinyonga. Masikio yanaziba. Ukifika juu, hewa ni nyingine kabisa, na kuanzia hapo mpaka kwetu hutaliona tena joto la Dar. Iringa tuliiona juu ya kilima chake, Mafinga ikapita na misitu yake ya kupandwa. Makambako nikamwonyesha reli ya TAZARA, ile iliyojengwa miaka ya 70 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Mbeya tuliingia usiku. Kabla hata ya kula, bwana wangu alinunua sweta.

Siku ya pili ni fupi ila ina mambo. Ukitoka Mbeya unaingia Mkoa wa Songwe, na karibu na Mlowo, wilayani Mbozi, kuna kimondo kilichotoka angani: bonge la chuma la takriban mita 3, tani 16 hivi, mojawapo ya vimondo vikubwa duniani. Aliponisikia alinitazama kama namtania. "Kiko hapa? Kwetu?" Kiko, tena si mbali na barabara kuu. Tunduma ni foleni za malori na fedha za nchi mbili. Ukichepuka kidogo tu umeshafika Nakonde ya Zambia. Pale ukikata kulia unaiacha dunia ya malori, na baada ya muda inafunguka Ufipa.

Sisi Wafipa hatusifii sana kwetu, lakini niruhusu kidogo. Ni uwanda wa juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Nyasi, mashamba ya mahindi yaliyokauka, ng'ombe, na anga kubwa ambayo mjini huwezi kuiona. Laela ikapita. Bwana wangu alikuwa amenyamaza muda mrefu, nikadhani anaumwa. Kumbe anahesabu kitu kwa vidole.

Nyumbani tulipokewa kwa vigelegele vya mama na shangazi zangu. "Shikamoo baba." "Marahaba kijana, karibu, keti." Ukaletwa ugali wa ulezi na migebuka ya Kasanga, samaki wa Ziwa Tanganyika, na mgeni alikula vizuri, jambo ambalo mama alilihesabu upande wake. Baba hakusema kitu mpaka maji ya kunawa yalipozunguka mara ya pili.

Ukutani kwake kuna ramani ya zamani ya Tanzania, rangi imefifia. Ina mikoa 25, ile tuliyokariri miaka ya 90. Mipya baba ameichora mwenyewe kwa kalamu: Manyara ya 2002 iliyotoka Arusha, kisha Geita, Katavi, Njombe na Simiyu za 2012, na Songwe ya 2016. Ndiyo 31.

"Kijana," akaanza, "mmepita mikoa mingapi?"

Moyo wangu ukapiga pa! Lakini bwana wangu hakusita. Dar es Salaam, Pwani, Morogoro, Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Rukwa. "Minane, baba." Kumbe ndicho alichokuwa akihesabu kwenye basi!

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Likafuata la pili: mvua ikinyesha hapa Ufipa, maji yake yanakwenda wapi? Bwana wangu akasema baharini. Bahari ipi? Bahari ya Hindi. Baba akachukua fimbo yake akaanza kuchora chini, na pale ndipo nilipomwona mwalimu wangu wa utotoni. Ufipa ni kama paa la nyumba. Maji ya upande wa mashariki yanateremka Lyamba lya Mfipa, yanaingia Ziwa Rukwa, na Rukwa haina pa kutokea. Yanakaukia humo humo kwa jua. Ya upande wa magharibi yanaingia Tanganyika, yanatoka kwa Mto Lukuga, yanaingia Mto Kongo mpaka Atlantiki. Ya Bukoba yanaingia Victoria, yanashika Nile hadi Mediterania. Ya Iringa ndiyo yanayokwenda Ruaha, Rufiji, Bahari ya Hindi. Nchi moja, na mvua yake inagawana bahari tatu! Bwana wangu alisogeza kiti. Aliuliza maswali mpaka chai ikapoa.

Nikajua tumepita. Ndipo baba akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa:

"Na wewe, kwenu ni wapi?"

"Dar, baba. Kinondoni."

"Dar ni mjini. Nauliza kwenu."

Kimya. Akasema wazazi walitoka Lindi, baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, yeye mwenyewe hajawahi kufika. Lindi sehemu gani? Hajui. Ukitoka Lindi mjini unaelekea wapi? Hajui. Kuna ndugu? Wapo, anadhani.

Baba hakukasirika, ndiyo iliyoniuma zaidi. Alisema barua ya posa mshenga asiilete kwanza. "Mpeleke binti yangu kwenu, apaone, arudi anieleze. Mtoto nitamtoa, lakini nijue namtoa kwenda wapi."

Usiku ule nilikasirika, siwafichi. Nilimwambia mama jikoni kwamba watu wanaoana siku hizi bila hata kujuana majina ya babu. Mama akaendelea kupepeta maharage yake. Akasema na wanaachana hivyo hivyo, wala hujui umfuate wapi.

Kesho yake kaka alitupeleka Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, karibu mara mbili ya kimo cha Victoria, na siku ile watalii tulikuwa sisi watatu tu. Bwana wangu alisimama pale muda mrefu. Hakupiga picha. Tuliporudi mjini na mtandao ukashika, akampigia mama yake, akaweka simu sauti kubwa ili na mimi nisikie.

Bi mkubwa alianza na radi, kama kawaida. Akajibiwa kuwa hakuna, kuna baridi tu. Kisha mwanawe akamuuliza, "Mama, kwetu Lindi ni wapi hasa?"

Nilidhani simu imekatika. Halafu sauti ikaanza, polepole, kisha haraka, sauti ya mtu ambaye njia hiyo ameitembea kichwani miaka yote bila kuulizwa. Mkivuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, mmeshaingia kusini. Nangurukuru msikate kushoto, hiyo ni ya Kilwa, nyie nyookeni. Lindi mjini msilale, ndugu watakasirika. Mkifika Mingoyo kateni kulia, barabara ya Masasi. Mshuke Mtama, mkiona Nyangao mjue mmepitiliza. Pale Mtama ulizeni...

"Ngoja mama, ngoja," akasema, akinifanyia ishara ya kalamu.

Bi mkubwa hakungoja.