Na Liemba Hadi Kipili

Sokoni Mwanga, Kigoma, ukisema unakwenda Kipili, watu hawakuulizi utapanda basi gani. Wanakuuliza kama umeshakata tiketi ya Liemba. Ndivyo ilivyokuwa miaka ile, meli ingali inatembea, kabla haijaegeshwa kusubiri matengenezo makubwa. Nilishuka kwa bajaji hadi mjini, nikaipita stesheni ya reli ya Wajerumani, nikaingia bandarini nyuma ya mkokoteni wa mananasi.

Stesheni ile na meli ile zina historia moja. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na juu ya mabehewa yake ndipo meli iliposafiri. Iliundwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer Werft, mjini Papenburg, ikafunguliwa tena kipande kwa kipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Mafundi watatu wa Kijerumani, akiwemo Anton Rüter, waliiunganisha upya Kigoma wakiwa na vibarua wengi ambao vitabu huwataja kwa ujumla tu. Februari 1915 ikashushwa majini kwa jina la Graf von Götzen, aliyewahi kuwa gavana wa koloni. Vita vilikuwa vimeshaanza, ikafungwa mizinga.

Honi ililia alasiri, tukang'oka gatini. Ujiji ikabaki kushoto, milima ya Kongo ikififia upande wa pili. Giza lilikuwa limeshaingia tulipokaribia mlango wa Mto Malagarasi, baharia mmoja akanisogelea penye ukingo.

"Kijana, maji haya yalishaimeza meli hii."

Hakuwa akinitania. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiikimbia Kigoma, waliizamisha wenyewe isije ikatekwa. Kwanza walizipaka mashine zake grisi nzito, maana walitarajia kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, jina la ziwa hili alilolisikia Livingstone upande wa kusini.

Nilishuka daraja la tatu, ambako nilipata nafasi kati ya magunia ya dagaa na mama mmoja mfanyabiashara wa Kipili. Alinikaribisha mgebuka wa kukaanga na ugali.

"Shikamoo mama. Umeanza lini kusafiri na meli hii?"

"Marahaba, mwanangu. Tangu Wadenmark hawajaitengeneza."

Alikuwa akiihesabu miaka kwa matengenezo. Miaka ya 1970 injini za mvuke zilitolewa, zikawekwa za dizeli. Mwaka 1993 ikakarabatiwa tena kwa msaada wa Denmark, na nafasi za abiria zikafika 600. Kazi hiyo ilimpa mama huyu mahali pa kukaa na mzigo wake.

Usiku wa manane injini zilipungua sauti. Lagosa. Hapakuwa na gati, na taa za meli ziliangaza mitumbwi na maboti yaliyokuwa yakija kwa makelele. Kila moja lilitaka kuwa la kwanza ubavuni. Abiria waliruka, watoto wakapokezanwa kwa mikono, winchi ikateremsha magunia, na mpiga kasia mmoja akagombana na karani juu ya baiskeli. Ndivyo ilivyokuwa karibu kila kituo. Kwa kuzoea kupandwa hivyo, meli hii ilikuwa tayari kwa kazi nzito zaidi: mwaka 1997 iliwarudisha wakimbizi wa Kongo kwao, na mwaka 2015 ikawachukua Warundi waliorundikana Kagunga, kijiji cha mpakani chini ya milima, kuwaleta Kigoma.

Nikawaza waliowahi kuishika. Mjerumani aliitaka kwa vita, Mwingereza kwa utawala, Mdenmark akaitengeneza kwa msaada. Lakini kilichoifanya istahili kutengenezwa kila mara ni ufukwe huu, wenye wateja wasio na njia nyingine ya kupitisha mizigo. Nilimwambia mama hivyo, nikamuuliza: siku barabara nzuri itakapofika kila kijiji, ataiacha meli?

"Barabara ije, hata kesho," alisema. "Mgonjwa ataipanda, mwanafunzi ataipanda. Mimi ninayo magunia thelathini."

Kipili ilipotokea, alisimama, akafunga kanga kiunoni na kuanza kupatana bei na mwenye boti kabla hata nanga haijashuka. Mwenye boti alitaja bei ya gunia. Mama akaikata nusu, akaniita nimsaidie kuhesabu.