Mrututu sio dawa ya kidung'ata

Najua niliahidi kuandika habari za mazoezi ya kufundisha, ila mwezi huu wote kichwa changu kilikuwa Moshi, kwenye bustani ya maua ya mama mdogo. Wenye maua nyumbani someni mpaka chini. Wasio na maua mtanisamehe, zamu yenu inakuja.

Mama mdogo anauza miche kando ya barabara. Hela yangu ya kula hapa chuo inatoka palepale, kwa hiyo msinishangae. Mwaka huu alikopa vikoba akanunua mimea hewa 40 kwa jamaa anayeileta toka Nairobi, kila mmoja shilingi 15,000. Piga hesabu mwenyewe: laki sita. Marejesho kila Ijumaa, mvua inyeshe au jua liwake.

Kwa wasioijua, mimea hewa (wataalamu wanaiita Tillandsia) haipandwi kwenye udongo. Kwao ni Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina, na inakaa juu ya matawi na miamba. Haiunyonyi mti, imejishikiza tu kama konda mlangoni mwa daladala. Maji na chakula inapata kupitia majani, ambayo yamejaa vinyweleo vidogo vyeupe vya kufyonzea. Halafu ni familia moja na nanasi. Undugu huo mtaukuta tena huko chini.

Basi Jumapili moja simu ikaita. Baada ya shikamoo na marahaba akaingia moja kwa moja: "Mwanangu, maua yangu yameota ukungu mweupe. Jirani kaniambia niyapige mrututu, na nishauchanganya."

Watu wa Kilimanjaro mnaujua mrututu, ile dawa ya bluu ya kahawa. Ni shaba ile. Kwenye chulebuni na kutu ya majani inasaidia kwa sababu hayo ni magonjwa ya ukungu. Lakini kwa familia ya nanasi shaba ni sumu, na mmea hewa ndio unaumia zaidi, maana jani lake linafyonza chochote unachokimwaga juu yake. Bomba moja tu la dawa na laki sita imekwenda.

Nikamwambia, mama naomba usipige kwanza. Akacheka kile kicheko chake. "Wewe kahawa umeiona kwenye kikombe. Mimi nimeilima kabla hujazaliwa."

Hapo ubishi ungenifikisha wapi? Mtu mzima humwambii hajui, tena kwa simu. Nikamwomba tu achukue kijiti cha meno, afungue jani kwenye kitako chake, aguse ile nyeupe, kisha aniambie anaona nini. Kimya. Nasikia kuku tu wa jirani. Halafu: "Jamani, kinatembea!" Na hapo hapo akaongeza, bila mimi kusema neno, kwamba kuna sisimizi wamepanga mstari mguuni pa meza toka juzi. "Kumbe ni kidung'ata! Si ndio yule wa mihogo?"

Ndugu yake, ndio. Yule wa mihogo alitokea Amerika ya Kusini, akaonekana Kongo miaka ya 1970 na kumaliza mashamba, mpaka mwaka 1981 wataalamu walipoanza kuachia nyigu wadogo waliotolewa Paraguay wanaotaga mayai ndani ya mwili wake. Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Wa mama mdogo ni wa aina nyingine ila tabia ni zilezile: ananyonya utomvu, anatoa maji matamu, na sisimizi wanamlinda ili wayalambe. Waulize wakulima wa mananasi, nao wanamjua.

Alivyotuma picha tukaanza kutenganisha. Weupe uliosambaa sawasawa jani zima kama vumbi la fedha ni vile vinyweleo. Usiusugue kabisa, ndio mdomo wa mmea. Weupe wa mafundomafundo kama pamba, uliojificha kwenye maungio ya majani, huyo ndiye mwizi. Kulikuwa na mimea miwili yenye vipele vya kahawia vinavyobanduka kwa ukucha: hao ni wadudu gamba, wanachelewa kufa kuliko kidung'ata. Vidukari hatukuwaona, wao wanapenda zaidi kikonyo cha maua.

Saba ilikuwa imeoza katikati, akaichoma moto. Iliyobaki 33 ikahamishiwa varanda ya nyuma, mbali na maua mengine, na miguu ya meza ikasimamishwa kwenye makopo ya maji ili sisimizi wakome. Kisha vijiti vya pamba vya masikio na spiriti ya asilimia 70, ile ya kufutia kabla ya sindano, kugusa mdudu mmoja mmoja. Kazi ya kuchosha jamani. Baada ya hapo kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja, kunyunyiza, na kusuuza vizuri kwa maji ya mvua. Sio sabuni ya unga, inaunguza. Mafuta mazito nayo hapana, yanaziba vinyweleo. Mwisho unaukung'uta mmea na kuugeuza kichwa chini mahali penye upepo mpaka ukauke, ndani ya saa nne hivi, la sivyo maji yanauozesha katikati.

Na hiyo ni raundi moja tu. Jike anaacha mamia ya mayai ndani ya ile pamba, kwa hiyo lazima urudie kila wiki. Wiki ya pili alinipigia kwa hasira, "Wamerudi!" Nikamwambia hao ni watoto, endelea mama. Ijumaa ile alikopa kwa jirani yuleyule wa mrututu ili alipe marejesho. Sikulala vizuri.

Wiki ya nne kijiti hakikutoa kitu. Mpambaji wa harusi amechukua 14 kwa elfu 25 kila mmoja, jirani kalipwa chake, na ile ndoo ya mrututu ameipeleka kwenye kahawa. Zimebaki 19, mitatu inaanza kuwa myekundu, maana yake inataka kutoa maua. Mwenye kutaka aandike hapo chini, nauli ya kifurushi ni yako.